Kahawia Maana Yake Ndiyo

Wengi wetu neno keratini tulilipata saluni. Limeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye chupa, limebandikwa mlangoni pamoja na bei, na msusi akishapitisha kitana mara mbili anakwambia, "Dada, nywele zako zimeisha keratini," vile fundi wa bodaboda anavyosema oili imeisha. Unalipa, unakaa chini ya mashine, unatoka nywele zikiwa zimelala kama zimepigwa pasi.

Lakini nywele haiwezi kuishiwa keratini, kwa sababu nywele ni keratini. Ukiitoa, hakuna kinachobaki cha kuchana. Seli zinazoitengeneza ziko chini ya ngozi, kwenye kinyweleo. Zinazaliwa chini kabisa, zinasukumwa juu na wadogo zao, zinajijaza protini hii mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine, zinakauka na kufa. Unachosuka ni maiti zao, zimepangwa vizuri sana. Kucha ni hivyo hivyo, na kwato, na pembe za ng'ombe. Ugumu wake unatokana na salfa: nyuzi za keratini zimefungwa pamoja kwa madaraja ya salfa, maelfu kwa maelfu. Reliksa kazi yake ni kuvunja madaraja hayo, ndiyo maana ukiiacha kichwani muda mrefu inaanza kukuvunja wewe. Blow-dry haifiki huko. Inavunja vifungo dhaifu tu, vile ambavyo maji huvirudisha, ndiyo maana mvua ya Kitale ikikupata kati ya saluni na stendi, pesa yako imeenda. Na ile "keratini" ya chupa? Katika dawa nyingi za aina hiyo, kinachonyoosha nywele ni fomaldehaidi, ile ile ambayo ikichanganywa na maji inaitwa fomalini. Kumbuka hilo jina, tutakutana nalo tena.

Haya yote sikuyajulia saluni. Niliyajua kwa sababu ya kondoo.

*

Mimi hula kwa kuandika vitu vya watu wengine. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kozi ya baiolojia, na tangu hapo nimeandika sifa za magodoro, hotuba za harusi, wasifu wa watu wanaotafuta kazi Qatar, na blogu za madaktari wa meno ambao sijawahi kuwaona. Siku moja ikaingia kazi ya mtandaoni: mteja wa nje anataka maelezo mepesi, ya mtu asiye mwanasayansi, kuhusu jinsi watafiti wanavyotumia kingamwili kuonyesha keratini iko wapi ndani ya vinyweleo vya sufu. Malipo kwa dola. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Section Six, Kitale, na kodi ilikuwa imenikalia shingoni. Ningeandika hata kuhusu magurudumu ya treni.

Nikaanza kusoma, na sikuweza kuacha.

Kisa chenyewe ni hiki. Keratini si protini moja. Binadamu ana jeni 54 za keratini, na kondoo hayuko mbali na sisi. Zinaishi kwa ndoa: kuna kundi la kwanza lenye tabia ya asidi, na kundi la pili, na uzi haujengeki mpaka mmoja wa huku ashikane na mmoja wa kule. Ndani ya kinyweleo kimoja cha kondoo, ala ya nje ina keratini zake, ala ya ndani ina zake, na sufu yenyewe, pale katikati, ina zake tofauti kabisa, zile ngumu. Isitoshe, haziwaki zote kwa pamoja. Seli ikiwa chini inatengeneza aina fulani, ikipanda kidogo inaongeza nyingine, halafu zinakuja protini za kujaza mianya kati ya nyuzi, zenye salfa nyingi. Kwa hiyo ukikata kinyweleo kwa urefu, kutoka mzizini hadi mdomoni, unaona muda. Chini ni leo, juu ni siku kadhaa zilizopita.

Hii ni biashara kubwa. Merino ana vinyweleo vya pili kama 20 kwa kila kimoja cha msingi, ndiyo maana sufu yake ni laini vile. Kwa nini sufu moja inajikunja na nyingine imenyooka, moja ina nguvu na nyingine inakatika: majibu yanatafutwa humo ndani, na Australia na New Zealand wamefanya kazi hiyo kwa miongo. Hata historia ya protini ilipita kwenye sufu. William Astbury, pale Leeds, mji wa viwanda vya nguo, aliipiga sufu miale ya eksirei miaka ya 1930 akaona muundo wa nyuzi zake, ukiwa umelegea na ukiwa umevutwa. Kazi yake ilisaidia kufungua njia ya kuelewa maumbo ya protini zote.

Sasa, utajuaje keratini gani iko wapi, na zote ni vitu vidogo visivyo na rangi? Hapo ndipo kingamwili inapoingia.

Kingamwili unazijua hata kama hujui kwamba unazijua. Kile kipimo cha mimba cha mistari miwili ni kingamwili zilizopangwa kwenye karatasi, zinasubiri homoni ipite zikaishike. Mwilini, kingamwili ni protini yenye umbo kama la panda ya manati, na ncha zake mbili zinashika kitu kimoja tu kati ya vitu vyote duniani. Ukimdunga panya keratini ya aina fulani, mwili wake unatengeneza kingamwili dhidi ya keratini hiyo. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein wakiwa Cambridge walipata njia ya kuunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili moja na seli ya saratani isiyokufa, ukapata kiwanda kinachotoa kingamwili ile ile, moja, bila mwisho. Walipata Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne. Na msidhani mambo haya yaliishia Ulaya: pale Kabete, maabara ya ILRAD iliyoanzishwa mwaka 1973, ambayo leo ni ILRI, ilitumia kingamwili za namna hiyo kutofautisha aina za kimelea cha ndigana, ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe wetu.

Basi unachukua kipande cha ngozi ya kondoo. Unakiloweka kwenye fomalini ili kisioze. Unakitoa maji kwa alkoholi, unakizamisha kwenye nta, kinakuwa tofali dogo kama kipande cha sabuni. Unakikata vipande vyembamba vya maikroni nne hivi. Unene wa unywele mmoja wa kichwani mwako ungeweza kutoa vipande zaidi ya kumi. Unakibandika kwenye kioo. Lakini fomalini imezifunga protini kwa vifundo, kingamwili haiwezi kufika, kwa hiyo unakichemsha. Hii ilinifurahisha: maabara za heshima zinatumia sufuria ya presha, kama ya kuchemshia maharagwe. Halafu unamwagia kingamwili ya kwanza, ile ya panya, inakwenda kukaa juu ya keratini yake. Unaosha. Unamwagia ya pili, ambayo kazi yake ni kushika kingamwili ya panya, na mgongoni imebeba kimeng'enya. Unaweka kemikali ya mwisho, na popote kimeng'enya kilipo, panageuka kahawia. Kila kitu kingine kinapakwa buluu hafifu ili uone ramani.

Kahawia maana yake ndiyo, iko hapa.

Wengine badala ya kahawia hutumia rangi inayong'aa kwenye mwanga maalumu, njia ambayo Albert Coons wa Harvard aliianzisha mwaka 1941. Wazo ni moja: hukioni kitu, unamtuma anayekijua, halafu unaangalia amesimama wapi.

Kitu kilichonikaa zaidi kichwani ni namna rangi inavyoweza kudanganya. Keratini zinafanana kama watoto wa nyumba moja, kwa hiyo kingamwili iliyotumwa kwa mmoja inaweza kumshika ndugu yake. Na kule juu ya kinyweleo, sufu ikishakuwa ngumu, madaraja ya salfa yanaibana sana mpaka kingamwili haipati pa kushika. Unaona buluu tupu, ilhali keratini imejaa pale kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo hakuna mtafiti makini anayeamini kioo kimoja. Anaweka kioo cha ngozi ambayo anajua lazima igeuke kahawia, kuhakikisha dawa zinafanya kazi. Anaweka kingine ambacho hakuwekewa kingamwili ya kwanza, kuhakikisha rangi haijipachiki tu. Na anatuma kingamwili nyingine, na nyingine, mpaka majibu yaanze kusimuliana.

Nilimaliza zile kurasa, nikalipwa, nikalipa kodi. Wakati nikiandika nilikuwa nimeenda Kiminini mara mbili kuangalia kondoo wa Senge. Kwetu Bungoma shangazi ni Senge, na nyinyi wenzetu wa Dar msicheke, kila lugha na mambo yake. Kondoo wake ni machotara, sufu fupi iliyoshikana na matope, si ile ya Merino ya kwenye picha. Niliitenganisha kwa vidole mpaka ngozi ya waridi ikaonekana. Senge akaniangalia, akasema, "Nafula, watu wanakulipa kuangalia kondoo? Basi mimi nilistahili kuwa tajiri."

*

Uvimbe ulitokea shingoni mwake wakati wa kuvuna mahindi. Ulikuwa chini ya taya upande wa kushoto, kama njugu, haumi. Alisema ni jino. Kufika Krismasi ulikuwa kama yai, na kulikuwa na mwingine chini yake. Jasho usiku, mpaka anabadilisha shuka. Kanga alizokuwa anazifunga kwa shida zikawa zinazunguka mara mbili.

Alianzia kwenye kliniki ya karibu, akapewa antibayotiki. Akaenda nyingine, wakasema ni TB ya tezi, ambayo kwetu ipo na si ajabu kuidhania. Wakamtoboa kidole kupima HIV, kipimo ambacho nacho kinatafuta kingamwili, hasi. Makohozi hayakuonyesha TB. Mwishowe Baba akaamua aletwe Bungoma, akae kwetu Chwele, apimwe vizuri. Wakamkata kipande cha uvimbe, wakakitia kwenye kichupa chenye fomalini. Nilishika kile kichupa mkononi kutoka chumba kimoja hadi kingine. Kitu kama punje ya mahindi kinaelea ndani.

Majibu yalirudi kwa Kiingereza, nusu ukurasa. Nyumbani kwetu aliyesoma mambo ya seli ni mimi, mwaka wa tatu bila cheti, kwa hiyo karatasi nikapewa mimi. Ilisema: uvimbe mbaya, seli zimeharibika kiasi kwamba haiwezekani kusema zimetoka wapi, inapendekezwa sampuli ipimwe kwa kingamwili.

"Inasema nini?" Baba akauliza.

"Inasema ni saratani. Lakini hawajui ni ya aina gani."

"Saratani si saratani?"

Tulikuwa watu saba sebuleni, na Senge mwenyewe amekaa kwenye kiti cha mlangoni anachambua mboga, kana kwamba anayezungumziwa ni jirani. Baba mdogo alisema alichokuwa anafikiria kila mtu. Kanda hii yetu, magharibi ya Kenya na Bonde la Ufa, saratani ya umio inaua watu sana, kiasi kwamba wanasayansi wanaongea juu ya ukanda mzima wa Afrika Mashariki wenye ugonjwa huo. Kila ukoo una mtu aliyeanza kwa kushindwa kumeza ugali, akaishia kwa uji, akaishia. Sababu zinazotajwa ni nyingi, pombe na sigara zimo, na hata chai ya moto sana: mwaka 2016 shirika la WHO la utafiti wa saratani, IARC, lilisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Senge alikunywa chai yake ikitoka mekoni maisha yake yote. Uvimbe uko shingoni. Baba mdogo alijumlisha.

"Kipimo hicho ni Nairobi," akasema. "Ni pesa. Na majibu yakirudi, yatasema tunachojua. Hizo pesa si bora zimlishe vizuri?"

Hakusema kwa ubaya. Alimzika mke wake kwa ugonjwa huo. Anajua bei ya kila hatua, na anajua mwisho wake.

Nikaomba kalamu. Nikachora shingo nyuma ya ile ripoti, nikachora tezi. Nikawaambia: ndani ya hii tezi kuna seli ambazo hazifai kuwa hivyo. Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza, zimetoka kwingine, kwenye umio, mapafu, koo, matiti, zikasafiri zikaja kukaa hapa. Sehemu hizo zote zimefunikwa au zimepambwa ndani na seli zenye keratini. Si ile ngumu ya nywele. Ni laini, ndugu zake. Na seli ya saratani, hata ikiharibika sura mpaka haitambuliki, kwa kawaida haitupi keratini yake. Ni kama lafudhi: mtu anaweza kubadilisha jina na kitambulisho, akiongea unajua ametoka Kimilili. Njia ya pili, seli hizi ni za tezi zenyewe, askari wa damu walioasi. Hao huwa hawana keratini. Wana alama nyingine. Kwa hiyo maabara itatuma kingamwili ya keratini. Kukiwa na kahawia, ni ile ya kwanza, na kama imeshafika shingoni, Baba mdogo atakuwa amesema kweli. Kusipokuwa na kahawia, na alama ya askari ikawaka, ni limfoma. Hiyo ina dawa. Hata ikiwa imesambaa, ina dawa, na watu wanapona.

Nikawaambia jambo moja ambalo lilikuwa linanitoa usingizi. Ile kingamwili ambayo maabara nyingi duniani hutuma kwanza inaitwa AE1/AE3. Ilitoka kwenye maabara ya Tung-Tien Sun, Marekani, mwaka 1982. Miaka minne baadaye, maabara hiyo hiyo ikatoa AE13, inayoshika keratini za nywele, na ambayo iliwasaidia watu wa vinyweleo kujua wapi nywele inaanza kuwa nywele. Mlango mmoja. Wengine waliuingia wakitafuta sufu, wengine wakitafuta saratani.

Senge akaweka sufuria ya mboga chini. "Kwa hiyo wanataka kutafuta sufu shingoni mwangu?"

"Jamaa wa sufu, Senge."

Akafikiri. "Kondoo wawili wakubwa," akasema. "Yule mweupe na mama yake. Watafutieni mteja."

*

Tofali la nta lilisafiri kwenda Nairobi kwa basi, ndani ya bahasha. Tulingoja wiki tatu na siku kadhaa. Sitaelezea kungoja, aliyewahi kungoja majibu anajua, na asiyewahi asiombe.

Katika wiki hizo nilikuwa nasafiri Kitale na Bungoma kila mara, matatu kupitia Kamukuywa na Webuye, kompyuta mapajani, nikiandika kazi za watu. Na mashaka yangu yalikuwa ya mtu aliyesoma nusu. Nilijua kwamba buluu tupu haitoshi. Je, sampuli ikikaa kwenye fomalini kupita kiasi? Je, wasipoichemsha vizuri? Kioo kinaweza kubaki buluu kwa sababu keratini haipo, au kwa sababu kingamwili haikufika, kama kule juu kwenye kinyweleo cha kondoo. Hasi peke yake si jibu. Nilikuwa nataka kitu kiseme ndiyo.

Ripoti ilikuja kwa simu, PDF, nikiwa ndani ya matatu. Niliifungua tukiwa tunapanda kutoka Webuye. Mistari minne ndiyo niliyoitafuta. AE1/AE3, hasi. CD45, alama ya askari wa damu, chanya. CD20, alama ya askari wa kundi B, chanya, kwa nguvu. Na chini yake sentensi moja fupi niliyoisoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya mapenzi: vidhibiti vyote vimefanya kazi ipasavyo. Yaani mahali fulani Nairobi, mtu ambaye sitamjua aliweka kando ya shingo ya Senge kipande cha ngozi ya mtu mwingine, akahakikisha kimegeuka kahawia, ndipo akaamini buluu yetu.

Limfoma ya seli B. Nikampigia Baba. Nikasema, "Si ya umio." Akanyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama nimekula.

Matibabu yalikuwa Eldoret, mizunguko sita, kila baada ya wiki tatu. Dawa ya kwanza kwenye orodha ni rituksimabu, na rituksimabu yenyewe ni kingamwili. Inashika CD20, alama ile ile iliyowaka kwenye kioo. Tofauti ni kwamba hii haibebi rangi mgongoni. Inaenda, inakaa juu ya seli mbaya, na mwili unaielewa kama alama ya kusema: huyu. Yule aliyetumwa kutafuta, sasa anatumwa kuua. Ya nne ni vinkristini, inayotoka kwenye lile ua la waridi la Madagaska ambalo watu wengi wamelipanda kando ya varanda bila kujua.

Na ya pili ni siklofosfamaidi. Hii nilikuwa nimeshaikuta nikisoma ya kondoo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Marekani waliwapa kondoo dawa hiyo hiyo wakitafuta njia ya kunyoa bila mkasi. Seli za chini ya kinyweleo zinagawanyika kwa kasi kuliko karibu seli zote mwilini, na dawa inawapiga wanaogawanyika kwa kasi. Sufu inatengeneza sehemu nyembamba, dhaifu, na baada ya siku chache unaivuta kwa mkono inatoka yote kama koti. Haikuja kuwa kazi ya kawaida shambani. Australia baadaye walipata njia nyingine, wanamdunga kondoo protini inayosimamisha sufu kwa muda, wanamvisha wavu ili isidondoke malishoni.

Kwa hiyo nilijua nywele za Senge zitatoka namna gani, na kwa nini. Nikamweleza kabla ya mzunguko wa kwanza. Nikamwambia dawa haijui tofauti kati ya seli mbaya ya tezi na seli nzuri ya nywele, inajua kasi tu. Nywele zikianza kudondoka, ujue dawa imefika. Zilianza wiki ya tatu. Alizivuta mwenyewe, akiwa amekaa jua la asubuhi Chwele, akaziweka kwenye karai. Akasema, "Kumbe ndivyo walivyowafanya wale kondoo." Halafu akaniomba nimletee kitambaa kizuri, si kile cha kijani.

*

Watu huniuliza, hasa wale niliosoma nao ambao sasa wana digrii ukutani, kama najuta kuacha chuo kabla ya kumaliza yale ya maabara. Swali langu mimi ni lingine. Senge alikuwa na kondoo wa kuuza na mpwa aliyekuwa amelipwa dola kusoma kuhusu sufu. Hivyo ni vitu viwili vya bahati tupu. Ndani ya wodi alikolala kulikuwa na mama aliyekuwa na karatasi kama yetu, ile ya kwanza, yenye sentensi ya "inapendekezwa." Ilikuwa imekunjwa mara nane kwenye leso. Hakuna aliyemwambia kwamba sentensi hiyo ndiyo muhimu kuliko zote. Yeye alielewa neno la juu tu, saratani, na familia yake ikafanya hesabu ile aliyofanya Baba mdogo. Nilimchorea na yeye shingo. Sijui iliishia wapi.

Kingamwili ni chupa ndogo. Inahitaji friji isiyozimika, mtu anayejua kuchemsha kioo bila kukiharibu, na daktari wa patholojia wa kukisoma. Kutoka Kitale na Bungoma, vitu hivyo kwetu sisi vilikuwa mwendo wa usiku mzima kwa basi, na katika mwendo huo ndimo watu wanapoteleza, kati ya "ni saratani" na "ni saratani gani." Nikipata mhariri wa kunilipa kuandika kuhusu jambo moja tu mwaka huu, ningechagua hilo.

Senge amemaliza mizunguko sita. Uvimbe haupapasiki tena, skani ilikuwa safi, na kliniki inayofuata ni baada ya miezi mitatu. Madaktari wanasema miaka miwili ya kwanza ndiyo ya kuangalia sana. Lile tofali la nta bado liko kwenye kabati Nairobi, na kama kutakuwa na swali lingine siku moja, kipande kingine chembamba kitakatwa. Nywele zimerudi. Zimerudi laini, zimejikunja kidogo kidogo, tofauti na zile za mwanzo, jambo ambalo huwatokea wengi baada ya dawa hizo kwa sababu kinyweleo kinachukua muda kurudia kazi yake ya zamani. Wajukuu wanapenda kuzishika. Amekataa katakata kuzipaka kitu chochote kilichoandikwa keratini.

Kondoo wamebaki wanne, na mmoja ana mimba.